Diski mpya za TB 4 lakini NAS bado inasoma TB 2, nilivyotatua

Wakuu, kama umebadilisha diski mbovu kwenye NAS ya nyumbani (kiboksi cha diski cha kuhifadhi data kwenye mtandao) na nafasi haijaongezeka, usifomati, data ipo. Yangu ni RAID 1 (kila diski inabeba nakala ileile ya data), diski mbili za TB 2, zote zikaanza kuonyesha sekta mbovu, nikatoa moja nikachomeka ya TB 4 nikasubiri mpaka cat /proc/mdstat ikaleta [UU], yaani diski zote mbili ziko sawa, ndo nikagusa ya pili. Hapo usiwe na haraka kabisa, ukichomoa kabla haijamaliza kusawazisha picha za familia zimeenda. Ikamaliza fresh ila bado TB 2! Kumbe NAS ilitengeneza patisheni (vipande vya diski) kwa saizi ileile ya zamani, nusu ya diski imekaa tu. Nikafanya bakapu diski ya nje, nikaingia kwenye NAS kwa SSH (kuandika amri kutoka kompyuta nyingine), nikatanua patisheni ya data kwenye kila diski kwa parted (resizepart 3 100%, 3 ni namba ya patisheni, cheki yako), nikariboot, halafu nikatanua RAID yenyewe kwa mdadm --grow /dev/md2 --size=max, ikasawazisha ile sehemu mpya, mwisho nikatanua mfumo wa faili kwa resize2fs /dev/md2 maana ni ext4. Sasa inasoma 3.6, na hiyo ndo TB 4 yenyewe ikihesabiwa kwa 1024 badala ya 1000.