Mpaka Walipomwona Mama Mkwe

Kwa miaka minne majirani zetu wa Ngamiani, hapa Tanga, walikuwa wakiniuliza swali moja kwa namna nyingi: kwenu kuna nani? Waliliuliza kwa upole na kwa adabu ile ya watu wa mji huu, ambao hawakutamkii neno zito bila kulifunika kwanza, lakini waliliuliza kila palipotokea shughuli. Mtoto wetu wa tatu alipozaliwa, walitaka kujua ni nani anayekuja kunikanda. Nikawaeleza kwamba mama yangu mzazi alikwisha kufariki, na kwamba mama mkwe yuko Taita, miguu inamsumbua, hawezi safari. Mwenye nyumba wetu, mjane aliyekwisha kuwa na vitukuu, alinyamaza kidogo, akaenda kuchemsha maji, akanikanda yeye mwenyewe mpaka arobaini yangu ikatimia. Sitausahau wema huo. Hata hivyo nilitambua kwamba nyuma ya huruma yake palikuwa na shaka, na shaka hiyo ilikuwa ya haki. Mtu mzima mwenye mume na watoto, anayeishi ugenini miaka yote hiyo bila kupokea mgeni wa damu yake hata mmoja, huenda alikimbia kwao, au huenda walimkataa.

Sisi ni Wataita kutoka Kenya. Mume wangu ni padre wa Kanisa Anglikana, na alitumwa huku kusaidia mafunzo ya makatekista katika vijiji vya Muheza na Pangani. Watu wengi wakisikia neno mmisionari huona mbele yao Mzungu mwenye gari refu na nyumba ya mawe kilimani. Sisi tunaishi katika vyumba vitatu vya kupanga, kwa kibali cha ukaazi cha daraja C, na posho yetu inategemea sadaka za waumini wa kwetu, ambao mvua zisiponyesha wao hukosa mahindi na sisi hukosa posho.

Nimefikiri sana kuhusu familia katika kazi hii, pengine kwa sababu makanisa mawili yaliyotulea yana historia mbili tofauti. Kanisa tunalolitumikia hapa lilianzishwa na UMCA, chama cha wamisionari wa Kianglikana kilichozaliwa Uingereza baada ya mmisionari Livingstone kuzungumza Cambridge mwaka 1857, kikahamia Unguja mwaka 1864, na kabla ya muongo ule kwisha kilikuwa kimekwisha kufika Magila, karibu na Muheza. Watu wake hawakupokea mshahara, na walitakiwa kubaki bila ndoa muda wote wa utumishi wao. Kwetu Taita, kinyume chake, Injili ililetwa na CMS, chama kingine cha wamisionari wa Kianglikana, ambao walikuja na wake zao. Krapf, mmisionari wao, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine, na mwezi wa Julai mwaka huohuo Rosine akafa kwa homa, siku chache tu baada ya kujifungua, na kitoto chake kikamfuata. Kaburi liko upande wa Nyali hata leo. Mwaka 1848, Krapf alipopanda milima ya Usambara kwenda Vuga kuonana na Kimweri, mfalme wa Wasambaa, alikwenda akiwa mjane.

Wale wa UMCA nawaheshimu kwa moyo wote, kwa maana walijinyima kitu ambacho mimi nisingeweza kujinyima. Lakini niliyoyaona katika uani wetu yamenifanya niamini kwamba walikosa pia ushahidi mmoja mkubwa. Katika nchi hii mtu hutambulikana kwa jamaa zake. Anayekuja peke yake, hata awe mwema namna gani, hubaki kuwa habari isiyokamilika. Na Rosine namkumbuka kila ninapoyakumbuka yale maji ya moto, kwa sababu alizaa mbali na mama yake, kama mimi.

Basi, mwaka 2023 Pasaka iliangukia katikati ya Ramadhani, na ndipo wageni walipokuja. Tulikuwa tumeahidiwa watu wanne: mama mkwe, baba mkwe, wifi yangu na mwanawe. Walishuka saba kwenye kituo cha mabasi cha Kange, kwa kuwa mjomba wa mume wangu na mabinamu wawili walisema hawawezi kumwacha mzee asafiri bila vijana. Walitoka Wundanyi alfajiri, wakashika Voi, wakalala Mombasa, wakavuka Likoni kwa feri. Mpakani Horohoro hawakulipia viza, kwa kuwa wote ni raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ila binamu mmoja alikuwa ameisahau kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano, na kwa ajili yake wote walikaa pale kwa muda wa saa tatu. Kilomita 65 zilizobaki za lami walizimaliza jua likiwa linazama.

Tulifika nyumbani wakati wa kufuturu, na mimi moyoni nilikuwa nikihesabu sahani, nikihesabu magodoro, nikihesabu ndoo za maji. Chakula nilichopika kilikuwa cha watu wanne. Kabla sijafungua sufuria, mjukuu wa mwenye nyumba aliingia na sinia kichwani, na nyuma yake mwingine, na mwingine tena: uji wa pilipili manga, tambi, mihogo ya nazi, maharage ya nazi, na samaki wa kupaka ambaye nina hakika alikuwa amewekewa wenye nyumba wenyewe. Walikuwa wamewaona wageni wakishuka kwenye bajaji na kuwahesabu.

Baada ya Isha mwenye nyumba alikuja mwenyewe. Alikuwa amevaa kanga mpya. Akaketi mkekani mbele ya mama mkwe, akamshika mkono, akamuuliza habari za safari, habari za miguu, habari za watu wa huko nyumbani, hakuruka hata mmoja. Kisha akasema, "Mwanao tumekutunzia." Mama mkwe, ambaye Kiswahili chake ni cha kanisani na sokoni, alitafuta neno la kujibu na hakulipata upesi. Akauvuta ule mkono wa mwenzake, akauweka kifuani pake. Wakakaa hivyo. Sisi wengine tulitoka nje.

Siku zilizofuata zilikuwa na mazito yake, na sitaki kuyaficha, kwa sababu nimesoma masimulizi mengi ya maisha ya utume ambamo wageni huja, hufurahi, huondoka. Mtu aliyezoea baridi ya milimani hawezi kulala Tanga mwezi wa nne, basi tulitandika uani na kufunga vyandarua kwenye kamba za nguo. Maji tulinunua. Hayo yalipita.

Lililokuwa gumu zaidi lilikuwa Ramadhani yenyewe. Kwa miaka minne nilikuwa nimejifunza kupika cha mchana mapema, kabla moshi haujawa usumbufu kwa waliofunga, na watoto wangu hula ndani. Hakuna aliyetulazimisha, na nafanya hivyo kwa kuwa uani ni mmoja na heshima ni ya wote. Wageni hawakuwa na mazoea hayo. Siku ya pili nilirudi kutoka sokoni nikamkuta baba mkwe ameketi barazani saa nane mchana akitafuna muwa, na wazee wakipita mbele yake kwenda msikitini. Nilimwomba aingie ndani. Akauliza kama nimesilimu. Swali lile liliniumiza, nami nilimjibu kwa utulivu kwamba hapana, baba, bali hawa ndio walionikanda. Akauchukua muwa wake, akaingia, na hakurudia tena. Nilipokwenda kuomba radhi kwa mwenye nyumba, alinikatiza akisema mgeni hana kosa.

Mjomba naye alikuja na jambo lake. Usiku mmoja alimuuliza mume wangu, mbele ya wote, kwamba katika miaka hii minne amebatiza wangapi. Alikuwa ametumwa na watu wa kwetu wanaochanga, na alitaka idadi ya kurudi nayo. Mume wangu alimweleza habari za makatekista kumi na mmoja anaowafundisha, na jinsi anavyofuata vijiji kwa pikipiki, lakini hiyo haikuwa idadi iliyokuwa ikisubiriwa. Ndipo mjomba alipopendekeza akodi vipaza sauti ahubiri Jumamosi jioni pale kwenye uwazi ulio mkabala na msikiti. Alisema kwa nia safi. Anaipenda Injili, na kwao mahubiri ya sokoni ni jambo la kila wiki.

Mimi ndiye niliyekataa, kabla mume wangu hajafungua kinywa, ingawa kwa desturi zetu mkaza mwana hamkatalii mjomba. Nilimwambia kwamba yeye ataondoka, na vipaza sauti vitarudishwa kwa mwenyewe, lakini watoto wangu watabaki wakichota maji kwenye bomba lile lile na watoto wa watu waliokuwa wakingoja kufuturu. Nilimwambia pia kwamba anayetaka kujua Injili imefika wapi katika barabara hii aulize sinia za usiku ule zilitoka wapi na kwa nini. Alikasirika, na siku mbili hakunisemesha. Nikiulizwa leo, ningesema maneno yale yale, labda kwa sauti ya chini zaidi.

Wifi yangu naye aliniita pembeni akaomba ada ya sekondari ya mwanawe, kwa kuwa huko nyumbani inaaminika kwamba waliotumwa wanalipwa kwa dola. Nilimletea daftari la matumizi tukalisoma pamoja mstari kwa mstari, kodi, kibali, mafuta ya pikipiki, dawa, mpaka ukurasa wa mwisho. Alilia, nami nikalia. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayetusemea kule.

Mkesha wa Pasaka tulikwenda wote kanisani. Nilikuwa nimewaandaa kidogo, lakini maneno hayamwandai mtu aliyekulia kanisa la CMS kuuona moto mpya ukiwashwa gizani, mapadre katika mavazi meupe, msalaba ukitangulia na uvumba ukipanda mpaka darini. Hapa ibada huitwa misa, na urithi wa UMCA unaonekana katika kila kitu. Baba mkwe alininong'oneza kwamba tumeingia kwa Wakatoliki. Mama mkwe hakusema kitu. Tulipofika nyumbani, alimweleza mwenye nyumba kwamba kanisani wamefukiza kama alivyokuwa akifukiza yeye chumbani mwake jioni, na mwenye nyumba akamtolea chembe za ubani katika karatasi akachukue nyumbani.

Urafiki wa wazee wale wawili ulikua jikoni. Mama mkwe alikuwa amebeba maharage kutoka shambani kwake, na Jumatatu ya Pasaka aliomba mihogo akapika kimanga, akaiponda mihogo na maharage pamoja kwa mwiko wa mwenye nyumba, jua likiwa limeelekea kutua. Walikula baada ya adhana. Jioni iliyofuata mwenye nyumba alijibu kwa bada, ule ugali wa muhogo wa watu wa hapa, pamoja na mchuzi wa papa. Kila mmoja alimfundisha mwenzake kipimo cha maji. Nilikuwa nikiwasikiliza nikiwa naosha vyombo, na nadhani sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tangu nivuke mpaka.

Kuna huzuni moja iliyobaki nami. Mtoto wetu mdogo, aliyezaliwa hapa, anatoa shikamoo kwa kila anayempita, anasema "naomba" pale ambapo sisi tulisema "nipe", na bibi yake aliyapenda hayo. Lakini bibi alipomsemesha Kidawida, lugha yetu ya Taita, mtoto alinitazama mimi ili nimfasirie. Niliuona uso wa mama mkwe. Usiku huo alimlaza karibu naye ndani ya chandarua, akamfundisha majina ya vidole, ya nyota na ya mvua, na akafanya hivyo kila usiku mpaka siku ya kuondoka. Tumeendelea kidogo kidogo, kwa simu, Jumapili jioni. Tulipaswa kuanza zamani.

Waliondoka siku ya tisa. Majirani walikuja Kange, ingawa walikuwa kwenye saumu na jua lilikuwa kali, wakamfungia mama mkwe nazi, machungwa ya Muheza na mkeka alioulalia. Mjomba alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Hakusema kitu, nami sikuhitaji aseme.

Baada ya Idi, mwenye nyumba alibisha mlangoni kwangu. Mjukuu wake amepata mchumba Chumbageni, na wanawake watano walikuwa wakichaguliwa kwenda kupeleka posa. Aliniambia nitafute kanga nzuri, mimi ni wa tano. Nilishangaa, kwa sababu shughuli kama hiyo haipewi mpita njia, na kwa miaka minne nilikuwa nikialikwa kula harusini, sikuwahi kualikwa kusema neno. Nikamuuliza kwa nini mimi.

"Zamani hatukujua tukikosana nawe tumpelekee nani mashtaka," alisema. "Sasa tunajua."