Mgandamizo wa hewa ulivyonirudishia saa zilizopotea

Kama una kituo kidogo cha hali ya hewa nyumbani na grafu zako zimeanza kusema uongo, usikimbilie kubadilisha sensa, yaani vile vifaa vinavyohisi na kupima. Wala usifute hifadhidata uanze upya, ingawa ukiuliza mtandaoni ushauri huo utaupata kabla hujamaliza kueleza shida yako. Angalia saa kwanza. Mara nyingi vipimo vyenyewe ni vizima kabisa, ila vimegongwa muhuri wa saa isiyo yake.

Kituo changu hapa Tukuyu ni cha bei nafuu, cha Kichina: nguzo yenye sensa uani, skrini ya mezani sebuleni inayopokea taarifa bila waya, na Raspberry Pi ya zamani, kompyuta ndogo ya bei nafuu, iliyochomekwa kwenye skrini hiyo kwa USB. Ndani ya Raspberry Pi inafanya kazi weewx, programu huria ya Python aliyoianzisha Tom Keffer. Kila dakika tano weewx inaandika mstari mmoja kwenye faili la hifadhidata ya SQLite: joto, unyevu, upepo, mvua, mgandamizo wa hewa. Kila mstari unatambulishwa na saa yake, na saa moja haiwezi kuwa na mistari miwili.

Sasa, Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazina sehemu ya saa ya betri, na hazijawahi kudai kuwa nayo. Zikiwaka huuliza saa mtandaoni. Mtandao usipokuwepo, kuna kiprogramu kinaitwa fake-hwclock ambacho kila lisaa huandika kwenye kadi ya memori saa ilivyo, ili kompyuta ikizimika ghafla ianzie hapo badala ya kuanzia mwaka 1970. Ni msaada, lakini ni msaada wa mtu anayekuambia saa aliyoiona kabla hajalala.

Masika iliyopita umeme ulikatika jioni, saa kumi na mbili kasoro dakika tano, ukarudi usiku. Bando la rauta nalo lilikuwa limekwisha. Raspberry Pi ikawaka, haikupata mtandao, ikaokota saa ya mwisho iliyohifadhiwa na kuendelea na kazi kana kwamba bado ni jioni. weewx ina kinga ya hali hii, ila ni kinga fupi: inapoanza hulinganisha saa ya kompyuta na tarehe ya faili lake la mipangilio, na saa ikiwa nyuma ya tarehe hiyo inasubiri. Faili langu la mipangilio halijaguswa muda mrefu, kwa hiyo saa iliyochelewa kwa karibu saa sita ilipita bila kuulizwa.

Aliyegundua kasoro hakuwa mimi wala programu yoyote. Ni jirani yangu, mama mkulima wa parachichi, ambaye ana kipima mvua cha plastiki kwenye kigingi na daftari la shule analoandika kila siku saa tatu asubuhi. Huwa tunalinganisha. Akaangalia grafu kwenye simu yangu, akacheka.

“Mwalimu, kwako mvua ilinyesha saa nane na nusu mchana? Juzi?”

“Ndivyo inavyosema, mama.”

“Juzi mchana nimeanika mahindi. Mvua imeshuka usiku, taarifa ya habari ilikuwa imeshaanza.”

Taarifa ya habari ya redio ni saa mbili kamili usiku. Mtu anayeanika mahindi hakosei kuhusu mvua ya saa nane mchana. Nikafungua kumbukumbu za weewx, nikakuta mistari michache ya kulalamika: UNIQUE constraint failed: archive.dateTime. Maana yake ni kwamba programu ilijaribu kuandika kipimo kwenye saa ambayo tayari ilikuwa na kipimo, ikakataliwa. Ukiyaona maneno hayo, shuku kwanza kwamba saa ilirudi nyuma. Hakuna sensa inayoweza kusababisha hivyo.

Siku niliyonunua bando, saa ilijirekebisha yenyewe na kuruka mbele. Kwenye hifadhidata likabaki shimo lenye urefu wa saa nane na robo. Hapo ndipo mambo yalipokuwa matamu, kwa sababu umeme wenyewe ulikuwa umekatika mara mbili. Kati ya hizo siku za bila mtandao ulikatika tena usiku wa manane tukiwa tumelala, ukarudi bila mtu kujua ni saa ngapi. Kwa hiyo shimo lilikuwa jumla ya makosa mawili, na kila kipande cha data kilihitaji marekebisho yake. Kumbukumbu za mfumo zisingenisaidia kuyatenganisha. Naziweka kwenye RAM, memori ya muda, ili kadi isichakae haraka, na umeme ukikatika zinafutika. Za weewx peke yake ndizo zinaandikwa kwenye kadi, nazo zimegongwa saa ile ile ya uongo.

Kosa la kwanza nililipata kwa njia ya kienyeji kabisa. Kwenye Debian, mfumo ambao Raspberry Pi inautumia, kazi za kila lisaa hufanyika dakika ya 17. Umeme ulikatika 17:55, kwa hiyo saa ya mwisho kuhifadhiwa ni 17:17. Umeme uliporudi, kijana mmoja kwenye grupu la WhatsApp la mtaa wetu aliandika “UMERUDIII”, na ujumbe wake una saa: 22:57. Toa 17:17 kwenye 22:57, unabaki na saa tano na dakika arobaini. Ile mvua ya saa nane na nusu mchana, ukiisogeza mbele kwa kiasi hicho, inaangukia saa mbili na dakika kumi usiku. Taarifa ya habari imeshaanza.

Kwa kosa la pili nilikuwa na hesabu tu, saa nane na robo kutoa saa tano na dakika arobaini, yaani saa mbili na dakika thelathini na tano. Hesabu hiyo ni sahihi iwapo tu umeme ulikatika mara mbili na si mara tatu. Nilitaka shahidi. Joto halikufaa: zilikuwa siku za mawingu mazito, mstari wa joto umelala, na kila manyunyu yanaushusha saa yoyote yanayotaka. Ndipo nikageukia mgandamizo.

Huku kwetu karibu na ikweta mgandamizo wa hewa una mwendo wake wa kila siku. Unapanda hadi kilele mnamo saa nne asubuhi, unashuka hadi saa kumi alasiri, unapanda tena hadi saa nne usiku, unashuka tena hadi saa kumi alfajiri. Vilele viwili na mabonde mawili kila siku, iwe masika au kiangazi. Bahari inavutwa zaidi na mwezi, lakini hapa mwenye kazi ni jua, linalopasha joto ozoni iliyo juu na mvuke wa maji ulio chini mpaka anga zima linapata mtikisiko unaojirudia kila baada ya saa kumi na mbili. Tofauti ya kilele cha asubuhi na bonde la alasiri ni kama hektopaskali tatu, hicho kikiwa kipimo cha mgandamizo. Ulaya wimbi hilo lipo pia, ila ni dogo na vimbunga vyao vya baridi vinalifunika, ndiyo maana maelekezo mengi ya vituo vya nyumbani, ambayo yameandikwa huko, hayalitaji. Alexander von Humboldt alipokuwa Amerika ya Kusini mwanzoni mwa karne ya 19 aliuona mwendo huu ni wa uhakika kiasi kwamba mtu angeweza kukisia saa kwa kusoma barometa, yaani kipima mgandamizo, akikosea kama robo saa.

Thamani yenyewe ya mgandamizo haijalishi katika kazi hii. Kama hujaweka kimo cha mahali pako vizuri kwenye mipangilio, namba zako zitatofautiana na za uwanja wa ndege, lakini umbo la mstari halibadiliki. Na sensa ya mgandamizo iko ndani ya skrini ya mezani, kwa hiyo inaendelea kupima hata sensa ya nje ikipoteza mawasiliano.

Nikaangalia kipande cha kwanza. Kilele kilikuwa saa kumi na dakika ishirini alasiri! Mahali ambapo kila siku ya mwaka panapaswa kuwa bonde, palikuwa na mlima. Ukiteleza kwa karibu saa sita kwenye wimbi la saa kumi na mbili, grafu inapinduka miguu juu, na ukishaiona mara moja huwezi kuisahau. Kipande cha pili kilikuwa na kilele chake mnamo saa nane kasoro robo mchana. Na kati ya vipande hivyo mstari ulikuwa na ngazi, hektopaskali moja na kitu kwa hatua moja ya dakika tano, jambo ambalo hewa haifanyi bila dhoruba. Hapo ndipo umeme ulipokatika mara ya pili.

Ili nisitegemee macho tu, nilichukua wiki mbili za data nzuri za kabla, nikatafuta wastani wa mgandamizo kwa kila saa ya siku, nikapata umbo la kawaida la hapa kwangu. Kisha nikasogeza kila kipande kibovu hatua kwa hatua za dakika tano na kuona kinapoketi vizuri zaidi juu ya umbo hilo. Kwa kipande cha kwanza jibu lilipishana kidogo tu na lile la WhatsApp. Kwa kipande cha pili lilikaa ndani ya robo saa ya hesabu ya shimo. Katiko la tatu halikuwepo.

Kurekebisha ni mistari miwili ya SQL, lugha ya kuamuru hifadhidata, baada ya kusimamisha weewx na kunakili faili lote pembeni. Saa kwenye hifadhidata ni sekunde zilizohesabiwa tangu mwanzo wa 1970, kwa hiyo kipande cha pili kinaongezwa 29,700 na cha kwanza 20,400. Anza na cha pili, kwa kuwa ndicho kinachosogea kwenye nafasi tupu. Na usiongeze moja kwa moja: SQLite inakagua mstari kwa mstari, na mstari wa kwanza utakaotua kwenye saa ya mwenzake ambaye bado hajahama utasimamisha kazi nzima. Pitia upande wa hasi:

UPDATE archive SET dateTime = -(dateTime + 29700) WHERE dateTime > A AND dateTime <= B;
UPDATE archive SET dateTime = -dateTime WHERE dateTime < 0;

A na B ni mwanzo na mwisho wa kipande chako. Rudia kwa kipande kingine, kisha jenga upya muhtasari wa kila siku ambao weewx huutunza, kwa amri ya weectl database rebuild-daily. Muhtasari uliojengwa upya unatokana na mistari ya dakika tano tu, hivyo kiwango cha juu au cha chini kabisa kilichonaswa katikati ya dakika hizo, kwa mfano cha joto, kinaweza kupotea. Niliikubali hasara hiyo.

Ukitaka kulinganisha na daftari kama la jirani yangu, kumbuka siku ya weewx inaanza usiku wa manane, na siku ya mvua ya wapimaji wetu inaanza saa tatu asubuhi. Mstari uliogongwa saa tatu kamili unahesabu dakika tano zilizotangulia, kwa hiyo ni wa siku iliyopita. Na ukichagua vipimo vya METRIC kwenye weewx, mvua inaandikwa kwa sentimita. Nani anapima mvua kwa sentimita? Chagua METRICWX upate milimita.

Kabla hujasogeza chochote, hakikisha tu kwamba shida si ukanda wa saa. Kadi mpya ya Raspberry Pi huja ikiwa imewekwa London, na kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba London iko nyuma yetu kwa saa mbili, miezi mingine tatu. Ukiona grafu imeteleza kwa saa mbili kamili au tatu kamili, usiguse hifadhidata. Sekunde zilizomo ni sahihi. Andika timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam, jenga upya muhtasari, basi.

Saa ambazo umeme haukuwepo nimeziacha tupu. Mvua ya saa hizo najua jumla yake kutoka kwenye daftari la jirani, lakini sikuigawa kwenye mistari ya dakika tano ili grafu ipendeze. Nimeiandika pembeni kwenye faili la maelezo, na jina la kipimo ni “daftari”.

Sasa Raspberry Pi ina moduli ya saa ya betri ya DS3231, ambayo mwaka mzima haikosei zaidi ya dakika moja hivi, na fake-hwclock nimeiondoa. Ukinunua zile moduli za bluu zilizoandikwa ZS-042, angalia betri: nyingi zina sakiti ya kuchaji, na ukiweka CR2032 ya kawaida, ambayo haichajiwi, inaweza kuvimba. Ng'oa ile diodi ndogo ya kuchaji au weka LIR2032, ambayo inachajiwa. Kuna ndogo zaidi zilizotengenezwa kuchomekwa moja kwa moja kwenye pini za Raspberry Pi, na hizo hazina usumbufu huo.