Roxette tu, tangu jana

Jamani, tangu jana nasikiliza Roxette tu, lile kundi la muziki la watu wawili kutoka Sweden, mpaka mke wangu kaniuliza kama nimefiwa. Waliokuwa na redio kaseti miaka ya 90 wananielewa. Kanda yetu tuliicheza hadi ikaanza kuvuta sauti, na utepe ukichomoka tunaurudisha kwa kalamu ya Bic.

Nilichokuwa sijui ni walivyotoboa. Per Gessle na Marie Fredriksson waliungana 1986, tayari wote wana majina kwao Sweden, ila nje nani anawajua? Kampuni ya rekodi Marekani ikawakataa. Kisha mwanafunzi mmoja Mmarekani aliyekuwa akisoma Sweden akarudi kwao Minneapolis na albamu yao, akaipeleka redioni. Wakaupiga "The Look", wasikilizaji wakaung'ang'ania, na Aprili 1989 ukawa namba moja Marekani. Baadaye wakashika namba moja mara tatu zaidi. Yaani dogo mmoja tu na albamu mkononi!

Kilichoniuma ni Marie. 2002 alianguka nyumbani, kumbe ana uvimbe kwenye ubongo. Wengine tungestaafu hapo hapo. Yeye akarudi jukwaani, miaka ya mwisho akiimba ameketi kitini, hadi 2016 madaktari walipomwambia basi, pumzika. Alifariki Desemba 2019, akiwa na miaka 61.

Per ni mtunzi hatari, sikatai. Lakini "It Must Have Been Love" bila koo la Marie ungekuwa wimbo wa kawaida tu. Mnaobisha, leteni hoja.