Siku Moja Nikihesabu Sokwe Nisiowaona

Saa 10 na nusu alfajiri

Jana jioni tuliwasikia sokwe wakipiga kelele ng'ambo ya mto, kisha kimya. Wamepanda kulala. Babu, kiongozi wetu wa njia, alinyoosha mkono kuelekea korongoni akasema, "Kesho pale." Kwa hiyo leo ni pale. Tunakunywa uji, tunafunga viazi vitamu vilivyolala, tunawasha tochi na kushika njia.

Tuko Ugalla, mashariki ya Ziwa Tanganyika, kwenye miyombo isiyoisha. Watalii wanawajua sokwe wa Gombe na Mahale, lakini sehemu kubwa ya sokwe wa Tanzania wanaishi nje ya hifadhi hizo mbili, kwenye misitu kama hii. Wametawanyika sana, na wakimsikia binadamu wanakimbia. Hatutaki kuwazoesha watu hata kidogo, kwa sababu sokwe aliyezoea watu hamkimbii hata mwenye mtego. Basi tunawahesabu kwa mavi yao.

Saa 1 asubuhi

Huku jua huchelewa. Ndiyo kwanza kunapambazuka. Tumejibanza mbali na korongo, barakoa zimefunika pua na mdomo, maana mafua yetu yanaweza kuwaua. Sokwe akiamka hujisaidia pembeni mwa kiota chake, kisha anashuka kwenda kutafuta chakula. Tunasikia matawi yakivunjika, mtoto akilia mara moja, halafu sauti zinasogea bondeni. Babu anataka tusubiri zaidi. Mdogo wetu wa mafunzo ana haraka, ila Babu hamjibu, anamtazama tu.

Saa 2 asubuhi

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ningependa uione kwa karibu.

Juu ya miti ya mtelemko kuna viota vibichi, matawi yamekunjwa kuelekea katikati, majani bado ya kijani. Chini ya kimoja kuna kinyesi kimetua juu ya majani makavu, kina kokwa za mbula na nyuzi za majani. Mbawakawa wameshafika. Navaa glavu mpya. Sikati katikati ya kinyesi, nakwangua uso wake kwa kijiti, kwa sababu huko juu ndiko kuna chembe zilizobanduka ukutani mwa utumbo wa sokwe alipokuwa akijisaidia. Hizo chembe ndizo zenye vinasaba vyake, yaani DNA. Katikati ni chakula kitupu. Palipolowa mkojo pia napaacha, kwa kuwa mkojo unaharibu.

Kipande kidogo, kama gramu 5, kinaingia kwenye kichupa chenye ethanoli, spiriti inayozuia kisioze. Natikisa. Naandika kwa penseli, maana ethanoli inafuta wino: tarehe, namba, GPS, aina ya mti, urefu wa kiota kutoka chini. Natupa glavu na kijiti mfukoni, navaa nyingine, nahamia kiota cha pili. Kinyesi kimoja, kichupa kimoja. Vinyesi viwili vikichanganyika kichupani, maabara itasoma sokwe ambaye hayupo duniani. Na vinasaba vyetu vinakaribiana sana na vya sokwe, kwa hiyo hata jasho la kidole changu linaweza kupotosha majibu.

Mdogo wetu anauliza kwa nini tusihesabu viota tu. Ni swali zuri. Viota tunavihesabu pia, lakini kiota kinaweza kubaki mtini kwa miezi, na muda huo unategemea mti na mvua. Sokwe mmoja anaweza kutengeneza cha usiku na kingine cha kupumzikia mchana, na mtoto anayenyonya hulala na mama yake. Namweleza habari ya gorila wa Bwindi, Uganda. Mwaka 2006 hesabu ya viota iliwapata 336, lakini vinasaba vya kinyesi vikaonyesha 302, kwa sababu baadhi yao walijenga kiota zaidi ya kimoja kwa usiku mmoja. Unapopanga kulinda mnyama adimu, tofauti hiyo ni kubwa.

Saa 5 hadi saa 9

Kutembea. Mbung'o wanatafuna mgongo kupitia shati. Viota vya zamani, kinyesi kikavu kilichopigwa na jua ambacho hakifai tena, nyayo za tandala. Karibu na kijito tunakuta miyombo imekatwa, mkaa umeshachomwa na kubebwa. Babu anaokota mpini wa shoka uliovunjika, anauweka chini. Narekodi mahali. Inaniuma, na inaniuma zaidi kwamba bila idadi ya wanyama, habari ya mti mmoja uliokatwa haifiki popote.

Saa 11 jioni

Kambini. Sampuli za jana zimeshakaa ethanolini usiku mzima na zaidi. Namwaga ethanoli, nahamishia kila kipande kwenye kichupa cha silika, punje zinazofyonza unyevu, ili kikauke kabisa. Hapo vinasaba vinaweza kusubiri safari ndefu bila friji. Na safari yenyewe ni ya makaratasi: hata mavi ya sokwe yanahitaji vibali.

Maabara husoma sehemu fupi za DNA ambako herufi zilezile hujirudia. Idadi ya marudio hutofautiana, nakala moja imetoka kwa baba, nyingine kwa mama. Zikisomwa sehemu za kutosha, mchanganyiko unakuwa wa sokwe mmoja tu, na jinsia yake inajulikana. DNA ya kinyesi imechakaa. Pengine nakala moja haionekani, sokwe mmoja akahesabiwa wawili. Ndiyo maana kila sampuli husomwa mara kadhaa.

Baadaye tunarudi porini duru ya pili. Tuseme duru ya kwanza ilileta sokwe 30, ya pili 30, na 10 kati ya hao ni walewale. Theluthi ya duru ya pili tulishawapata, basi wale 30 wa mwanzo ni kama theluthi ya wote, yaani 90. Hesabu halisi inaangalia pia kila kinyesi kiliokotwa wapi, kwa kuwa sokwe wa pembezoni mwa eneo letu wanaingia na kutoka.

Saa 2 usiku

Juu ya kichuguu mtandao unashika. Mwenyekiti wa kamati ya mazingira ya kijiji anapiga. Wanapanga matumizi bora ya ardhi, anataka idadi. "Mama, nipe hata ya kukisia."

"Shikamoo mwenyekiti. Ya kukisia sikupi. Duru ya pili ikiisha nitakuletea ya chini na ya juu, na ramani ya makorongo."

"Marahaba. Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili."

Anasema basi watauacha msitu wa korongo letu bila kuugawa hadi nifike. Naandika ahadi hiyo kwenye daftari, chini ya namba za vichupa vya leo.