Blogu yako haionekani Google? Angalia haya kabla hujahangaika na mengine

Miezi minne nimeandika posti 19, nalala usiku wa manane nasahihisha, halafu wanaosoma ni walewale niliowatumia linki mwenyewe kwenye magrupu ya WhatsApp, siku nikiacha kutuma na blogu nayo inanyamaza. Nikafika mahali nikaamini kabisa kwamba Google haina habari na mtu anayeandika Kiswahili, au labda mpaka uwe na hela ya kumlipa mtaalamu wa SEO, yaani kazi ya kuifanya tovuti ipatikane kirahisi watu wakitafuta Google. Ikabidi nianze kusoma mwenyewe, na kitu cha kwanza kabisa nilichojaribu kikanionyesha kwamba shida haikuwa Kiswahili wala hela.

Kitu chenyewe ni kidogo tu. Unaingia Google unaandika site, nukta mbili, halafu anwani ya blogu yako, vyote vimeshikana bila nafasi, unatafuta. Inakuletea kurasa zako ambazo tayari inazijua. Mimi haikuniletea hata moja. Yaani posti 19 na Google haijui kama nipo duniani.

Kumbe siku naitengeneza blogu, kwa kuwa ilikuwa bado nusunusu, nilitiki kisanduku cha kuziomba injini za utafutaji zisiiweke kwenye orodha yao, nikasema nikimaliza nitakitoa. Sikukitoa, nilisahau. Na kile kisanduku kinaweka alama inaitwa noindex kwenye kila ukurasa, msomaji haioni kwa sababu imekaa ndani kwenye kodi, yale maandishi ya kompyuta yanayoujenga ukurasa, ila Google ikiiona inatii, inaondoka zake. Kama unatumia WordPress nenda kwenye mipangilio, ukurasa wa Reading, shuka mpaka chini, kisanduku kipo hapo, hakikisha hakina tiki. Blogger nayo ina mipangilio yake ya kuruhusu au kuzuia injini za utafutaji, kaangalie sasa hivi kabla hujaendelea kusoma, niko tayari kukusubiri.

Nimeanzia hapa kwa sababu wengi wetu tukisikia SEO tunawaza kupanda juu, kuwa wa kwanza, wakati kuna hatua mbili kabla ya hapo. Kwanza boti ya Google, yaani programu yake inayotembelea tovuti yenyewe, inapita, inafuata linki kutoka ukurasa hadi ukurasa kama mtu anayepita nyumba kwa nyumba. Pili inasoma ilichokikuta na kuamua kama itakihifadhi kwenye indeksi, ile orodha kubwa ya kurasa inazozijua. Ndo tatu sasa mtu akiandika swali, inachambua kwenye ile orodha na kupanga nani aanze nani afuate. Kama umekwama hatua ya kwanza au ya pili, hata uandike vizuri namna gani hakuna atakayekuona.

Na hapa kuna mtego mmoja ambao ulinichanganya. Kuna faili linaitwa robots.txt, hilo linaziambia boti wapi zisipite, ni utaratibu wa zamani tangu 1994. Watu wanadhani ni sawa na noindex, siyo. Robots.txt inamzuia boti asisome ukurasa, lakini ukurasa wenyewe unaweza bado kuonekana kwenye matokeo kama kuna linki zimeuelekea kutoka sehemu nyingine. Na ukiweka vyote viwili kwenye ukurasa mmoja unajikwamisha, maana boti ameshazuiwa kuingia ndani, hiyo noindex ataisoma saa ngapi?

Baada ya kutoa tiki nikafungua akaunti ya Google Search Console. Ni bure, na kama kuna kitu kimoja tu utafanya leo kiwe hiki. Unathibitisha kwamba blogu ni yako, kwa kubandika kipande cha kodi au kwa kuweka rekodi kwenye mipangilio ya domeni, lile jina la tovuti yako, kisha unawapa sitemap, yaani faili lenye orodha ya kurasa zako zote. WordPress inalitengeneza yenyewe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, huna haja ya plagini, zile programu za nyongeza, kwa ajili ya hilo. Humo ndani kuna sehemu unabandika linki ya posti moja na inakwambia kama iko kwenye indeksi au haipo na kwa nini, na ukitaka unaomba ipitiwe. Inaweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa, usikae kuomba kila asubuhi, kurudia ombi hakuharakishi chochote.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo mimi nalipenda kuliko yote, maneno.

Blogu yangu ni ya kusaidia watu na simu na kompyuta zao, mambo ya kawaida tu. Nilikuwa na posti nimeipa jina "Pale Chombo Kinapofurika". Nililipenda hilo jina jamani. Ndani nilianza na aya tatu kuhusu namna maisha ya siku hizi yanavyojaa vitu, halafu ndo nikaelezea kwamba simu hujaa kwa sababu video na picha za kwenye magrupu zinajipakua zenyewe, na programu nazo zinarundika mafaili ya muda, na namna ya kuyafuta. Maelezo mazuri, nilijaribu kila hatua kwa mkono wangu. Lakini hebu jiulize, mtu ambaye simu imekataa kupiga picha, ana haraka, ataandika "chombo kinapofurika"? Ataandika "simu inasema imejaa". Na hayo maneno matatu hayakuwepo popote kwenye posti yangu, mimi nilikuwa nimeandika "uhaba wa nafasi ya hifadhi".

Hapo ndo nikaelewa kwamba Kiswahili tunachofundishwa kuandika na Kiswahili ambacho mtu anakitafutia Google ni ndugu ila hawakai nyumba moja. Wewe umeandika nywila, yeye anatafuta paswedi, mwingine nenosiri, na wengi tu wanaliandika kwa tahajia ya Kiingereza katikati ya sentensi ya Kiswahili. Wewe umeandika kishikwambi, yeye anasema tableti. Wewe tarakilishi, yeye kompyuta. Halafu wanatafuta kwa sentensi nzima kama wanaongea na mtu, "kwa nini simu yangu haichaji", "jinsi ya kurudisha namba zilizofutika". Sisemi utupe Kiswahili sanifu, mimi nakipenda na ninakitumia, ila neno la msomaji lazima liwepo kwenye kichwa na kwenye aya ya kwanza, halafu la kwako linafuata ndani, "paswedi, au nywila", basi, msomaji kafika na neno jipya kalipata. Usirundike tu. Kuandika "simu imejaa" mara 20 ndani ya posti ni kosa la tangu zamani, Google inalihesabu kuwa ni takataka, na hata binadamu akisoma anachoka.

Njia ya kuyapata hayo maneno haihitaji kulipia chombo chochote. Anza kuandika swali kwenye Google usimalizie, tazama inachopendekeza chini, hayo ni maswali ambayo watu huyatafuta kweli. Soma meseji wanazokutumia watu wakiomba msaada, zile meseji ni dhahabu, nakili maneno yao kama yalivyo. Na ndani ya Search Console ripoti ya utendaji inakuonyesha maneno yaliyofanya blogu yako itokee, mara ngapi imeonekana, mara ngapi imebofywa, na kwa wastani ulikuwa nafasi ya ngapi, data ya hadi miezi 16. Mimi hiyo ripoti naisoma kila Jumapili. Ukiona posti inaonekana sana na haibofywi, mara nyingi kichwa chake hakiwaambii watu kwamba jibu limo humo.

Ile posti nikaibadilisha jina ikawa "Simu inasema imejaa na hujaweka kitu? Sababu na namna ya kuisafisha". Aya tatu za mwanzo nikazitoa, nikaanza na jibu. Kichwa usikirefushe sana, kikizidi kama herufi 60 hivi kwenye matokeo kinaweza kukatwa, kwa hiyo maneno yenye uzito yakae mwanzoni. Yale maelezo mafupi chini ya kichwa unaweza kuyaandika mwenyewe, hayakupandishi nafasi lakini yanamshawishi mtu abofye, ila ujue Google mara nyingi inayaacha na kuchukua sentensi ndani ya posti. Kwenye Blogger hiyo sehemu ya maelezo mpaka uiwashe kwanza kwenye mipangilio.

Anwani ya posti, ile linki yenyewe, sikuigusa. Posti mpya zipe anwani fupi yenye maneno yanayosomeka na utenganishe kwa vistari vya kawaida, siyo vile vya chini. Lakini posti ya zamani ambayo watu wameshaishea ukibadilisha anwani unaweza kuvunja linki zote walizonazo, wakibofya wanakutana na 404, yaani ukurasa haupo. Kama ni lazima ubadilishe, weka uelekezaji wa 301, huo unawaambia wasomaji na Google kwamba tumehama moja kwa moja tupo huku.

Linki za ndani nazo tunazidharau. Google yenyewe ilianza mwaka 1998 kwa wazo la Larry Page na Sergey Brin kwamba linki inayoelekea kwenye ukurasa ni kama kura, na linki bado zina kazi mpaka leo. Za nje huzimiliki, ila za ndani ni zako. Posti ya simu kujaa iunganishe na ya kuhamisha picha, na hii na ya kununua memori kadi, boti akipita njia moja azifikie zote. Na tafadhali tuache kuandika "bonyeza hapa". Maneno unayoyawekea linki yanamwambia Google ukurasa wa mbele unahusu nini, "hapa" haimwambii chochote, andika "namna ya kuhamisha picha kwenda memori kadi" na linki iwe juu ya hayo maneno.

Mengine nayataja harakaharaka kwa sababu siyo magumu. Picha zipunguze uzito kabla ya kupakia, za kutoka kwenye simu zinakuwa nzito bila sababu, na kila picha iandikie maelezo mbadala, maneno mafupi ya kusema picha inaonyesha nini, yanamsaidia hata msomaji asiyeona. Fungua blogu yako kwa simu siyo kwa kompyuta tu, Google siku hizi inaangalia toleo la simu kwanza. Uwe na https, ule mwanzo wa anwani unaoonyesha mawasiliano ya tovuti yamelindwa, cheti chake kinapatikana bure kupitia Let's Encrypt. Na kama themu yako, yaani mwonekano uliouchagulia blogu, ina vitufe na menyu za Kiingereza zibadilishe ziwe Kiswahili, Google inatambua lugha ya ukurasa kwa kusoma maandishi yanayoonekana, usiichanganye.

Kuna vya kuacha kabisa. Ile sehemu ya kujaza maneno muhimu kwenye kodi, meta keywords, Google ilishasema tangu 2009 haiitumii kupanga matokeo, usipoteze muda wako. Kununua linki usijaribu, tangu Google walipoleta sasisho lao la Penguin mwaka 2012, la kupambana na ujanja kama huo, blogu nyingi zilizojipandisha kwa njia hiyo zilishuka vibaya. Na mtu akikuahidi kwa malipo kwamba utakuwa namba moja, mkatae, hakuna anayeweza kutoa dhamana hiyo na Google wenyewe wanaonya hivyohivyo. Inaniuma sana nikiona mtu anayeandika vizuri anatoa akiba yake kwa ahadi ya namna hiyo.

Posti ya simu kujaa sasa ndo inaniletea wasomaji wengi kuliko zote, watu nisiowajua, na sijawatumia linki. Jumapili iliyopita kwenye ripoti nikakuta kuna watu wameikuta kwa kutafuta "simu inasema imejaa nimefuta picha bado imejaa". Na kweli, sikuwa nimeeleza kwamba picha ukizifuta kwenye simu nyingi zinakwenda kwanza kwenye kapu la vilivyofutwa, zinakaa humo kama siku 30 zikiendelea kula nafasi, labda ulimwage mwenyewe mapema. Nimeshaiongeza hiyo aya, na nimeiweka juu kabisa.