Jamani, bahasha msizitupe

Kabla sijaingia kwenye kazi hii ya kusoma karatasi za watu waliokufa, nilipanga barua posta, hapahapa Marekani, zamu ya usiku, miaka 11. Ndiyo maana siku ya kwanza nilipowekewa mezani sanduku la nyaraka za wahafidhina wa Kimarekani, wale wa kanisa na siasa wa miaka ya 1970, swali langu lilimshangaza mtunza nyaraka. Nilimwuliza bahasha ziko wapi.

"Bahasha gani?"

"Hizi barua hazikuja uchi. Zilivaa kitu."

Akanieleza kwa upole kwamba mkusanyiko ulipopangwa, bahasha ziliondolewa. Zinakula nafasi, gundi yake inavutia wadudu, na mara nyingi hazina neno ambalo halimo ndani ya barua. Sikumlaumu yeye. Aliyezitupa alishastaafu zamani. Lakini nilibaki pale na penseli yangu (kalamu ya wino hairuhusiwi kuvuka mlango wa chumba cha kusomea) kama mtu aliyeuziwa samaki asiye na kichwa: macho huyaoni, sasa utajuaje kavuliwa lini?

Jioni nikampigia rafiki yangu tuliyekuwa naye posta, Mswahili mwenzangu, nikamsimulia. Akacheka mpaka akakohoa. "Kaka, miaka yote ile ulikuwa unazilaani bahasha, leo unazililia?"

Ndiyo, nazililia, na nitaeleza kwa nini.

Ninachofanya sasa ni kibarua cha kisomi. Mtu anaandika kitabu, yuko mbali, hana nauli wala likizo. Ananitumia orodha ya maswali, naenda maktaba, nafungua majalada, napiga picha kwa simu, namtumia. Kwa sababu nisizozijua, wateja wangu wengi wanauliza jambo lilelile: makanisa ya kihafidhina na mrengo wa kulia wa siasa za Marekani walikutanaje? Na wengi wanakuja na picha ileile kichwani, mimbari na kamera. Mchungaji Jerry Falwell mbele ya waumini wake Lynchburg, Virginia. Ronald Reagan, mgombea urais wa Republican, kule Dallas, Agosti 1980, akiwaambia maelfu ya wachungaji kwamba anajua wao hawawezi kumwidhinisha, lakini yeye anawaidhinisha wao. Picha nzuri hizo. Mimi nikisikia habari za harakati hizi naona lebo za anwani.

Anzeni na mwaka 1964. Barry Goldwater, seneta wa Arizona, aligombea urais kwa tiketi ya Republican akapigwa vibaya na Lyndon Johnson. Aliambulia majimbo 6. Magazeti yakawazika wahafidhina. Sasa, sheria ya wakati ule ilitaka majina ya waliochangia kampeni dola 50 au zaidi yawekwe kwa karani wa Baraza la Wawakilishi mjini Washington, na mtu yeyote aliruhusiwa kwenda kuyatazama. Kijana mmoja wa Texas, Richard Viguerie, akaenda. Akakaa kitako akaanza kuyanakili kwa mkono, jina na anwani, jina na anwani. Mkono ulipochoka akaajiri watu wa kumsaidia. Alitoka na majina kama 12,500, akayaingiza kwenye kompyuta, na kuanzia hapo akajenga biashara ya kuwaandikia watu barua za kuomba michango. Mimi nimenakili karatasi nyingi maishani, lakini kazi ya nyaraka yenye faida kuliko ile sijapata kuisikia.

Mambo mawili yakamsaidia. La kwanza nalijua kwa mikono yangu: postikodi, zile tarakimu za mwisho wa anwani zinazoonyesha barua inakwenda eneo gani. Marekani ilianza kuitumia mwaka 1963, na miaka michache baadaye anayetuma barua kwa wingi akalazimika kuzipanga mwenyewe kwa postikodi kabla ya kuzileta. Orodha iliyomo kwenye kompyuta inajipanga yenyewe. La pili ni sheria ya mwaka 1974, baada ya Watergate, ile kashfa iliyomwangusha Rais Nixon, iliyomzuia mtu mmoja kumpa mgombea wa ngazi ya taifa zaidi ya dola 1,000 kwa uchaguzi mmoja. Tajiri akafungwa mkono. Aliyekuwa na anwani za wajane laki moja wanaotuma dola tano tano akawa ndiye tajiri mpya.

Sasa shika bahasha ya mwaka 1979, kama umebahatika kuipata. Kona ya juu kulia badala ya stempu kuna kijisanduku kilichochapwa: taasisi isiyo ya faida, posta imelipwa, namba ya kibali, jina la mji. Soma huo mji. Barua ndani imeandikwa kama inatoka kwa mchungaji wa jimbo la mbali, lakini kibali ni cha kitongoji cha Virginia, karibu na Washington. Maana yake ni kwamba kampuni ya wataalamu ndiyo iliyoipiga chapa. Wakati mwingine kuna stempu halisi, tena imebandikwa upandeupande makusudi, ionekane kama mtu aliilamba kwa ulimi wake. Juu ya jina lako kwenye lebo kuna tarakimu na herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma. Huo ni msimbo wa orodha, unaoonyesha jina lako lilitoka wapi. Orodha zilikuwa zinakodishwa. Ukichangia kundi moja, jina lako linaazimwa na la pili, na la tatu, na kila kundi linalipata kwa msimbo wake.

Barua yenyewe utaikuta popote, kwa sababu waliituma kwa maelfu. Mistari ya bluu chini ya maneno ya kutisha, sahihi ya mashine, na maneno ya nyongeza chini ya sahihi, ambako ndiko ombi la fedha linarudiwa. Nikishasoma ishirini, ya ishirini na moja naweza kuiandika mimi.

(Kiswahili chetu kina mzaha wake hapa. Neno ni moja: waraka. Paulo aliwapelekea Warumi waraka, serikali inatoa waraka, na ninazozisoma kwenye masanduku ni nyaraka. Hawa waandishi wa barua za michango walilielewa hilo bila kujua Kiswahili. Barua zao zinaanza na salamu za neema na kuishia na michango kwa ajili ya watakatifu, kama Paulo kabisa.)

Nani basi alizitunza bahasha? Hapa ndipo panaponifurahisha. Kwa kiasi kikubwa, maadui.

Ukienda Berkeley, maktaba ya Bancroft, kuna mkusanyiko uliotoka kwa People For the American Way, shirika ambalo mtayarishaji wa televisheni Norman Lear alishiriki kulianzisha ili kupambana na Falwell na wenzake. Ni machapisho ya wahafidhina kuanzia 1980 hadi 2004. Maktaba hiyohiyo ina masanduku ya Sara Diamond, mwanasosholojia aliyewafuatilia mrengo wa kulia bila kuwa mmoja wao. Chuo Kikuu cha Brown, Rhode Island, kina mkusanyiko wa Hall-Hoag, na Chuo Kikuu cha Kansas kina wa Wilcox, na hiyo miwili inakusanya wa kulia na wa kushoto pamoja. Anayemfuatilia mtu hujiandikisha kupokea barua zake. Na kwa kuwa anachunguza, hatupi kitu. Anaandika tarehe pembeni, anahifadhi bahasha, anahifadhi na kile kijibahasha cha kurudishia pesa ambacho hakukitumia.

Wahafidhina wenyewe hutunza vingine. Karatasi za mwandishi wao maarufu William F. Buckley ziko Chuo Kikuu cha Yale, za Wabaptisti wa Kusini ziko Nashville, na chuo cha Wheaton, Illinois, kina hifadhi kubwa ya nyaraka za uinjilisti. Huko utapata barua kati ya viongozi, rasimu zilizokatwakatwa, kumbukumbu za vikao. Usafi mtupu. Barua ya michango ikiwemo, ni nakala ya ofisini, haijawahi kusafiri, kwa hiyo haina lebo wala msimbo.

Lakini nawaonya wateja wangu: sanduku la adui nalo lina ugonjwa wake. Adui hukusanya kinachotisha. Tangazo la chakula cha jioni cha kanisa hatalitunza, wala barua ya kiongozi akiwasihi wenzake wapunguze makali. Ukisoma hilo peke yake utadhani watu hawa waliamka na hasira, wakalala na hasira. Faida yake ni kwamba linatunza hata ambacho mwenyewe angependa kisahaulike. Falwell, Machi 1965, siku ileile waandamanaji wa haki za weusi walipoondoka Selma kuelekea Montgomery, Alabama, alihubiri kwamba wahubiri hawakuitwa kuwa wanasiasa, waliitwa kuvuta roho. Mahubiri yakachapwa kijitabu. Miaka 14 baadaye alianzisha Moral Majority, shirika la kuwaingiza Wakristo wahafidhina kwenye siasa, na mahubiri yale akayakana hadharani. Kijitabu kikishatoka mtambo wa chapa hakirudi.

Basi nimwingize Bi. H. Jina simtaji, alikuwa mtu wa kawaida tu. Mjane, Mbaptisti, wa mji mdogo katikati ya nchi. Familia yake ilitoa makaratasi yake kwenye maktaba moja, na maktaba ikatupa bahasha kama kawaida, isipokuwa sanduku moja la viatu. Hilo lilisalimika kwa sababu migongoni mwa bahasha Bi. H alikuwa ameandika kwa mkono, na mpangaji akaziona ni maandishi ya mwenye nyaraka, si bahasha. Alizitumia kama daftari la hesabu. "Dola 5, nimetuma." "Huyu asubiri mpaka Juni." Moja ina orodha ya mboga na chini yake jumla ya michango ya mwezi mzima, dola 13.

Mwanzoni mwa 1977 alichangia kundi lililopinga marekebisho ya Katiba ya usawa wa wanawake, yale ambayo Phyllis Schlafly alikuwa akipambana nayo tangu 1972. Mpiga chapa mmoja akamkosea jina la ukoo, akamwongezea herufi moja. Nilipoiona hiyo herufi niliruka kwenye kiti, mtu wa meza ya jirani akanitazama. Kwa maana kosa la chapa ni alama bora kuliko msimbo. Jina sahihi linaweza kutoka popote, ila jina lenye kosa limetoka mahali pamoja tu.

Nikaanza kulifuata. Vuli ya 1977 jina lenye kosa linapokea barua kuhusu Mfereji wa Panama, kwamba Rais Carter anawapa Wapanama. Kisha barua ya bunduki. Kisha ya utoaji mimba, kutoka kundi la Wakatoliki. Yeye Mbaptisti! Mwishoni mwa 1978 zinakuja tatu karibu kwa mpigo kuhusu shule za makanisa. Mamlaka ya kodi, IRS, ilikuwa imetangaza Agosti mwaka ule kwamba shule binafsi zilizoota au kutanuka wakati shule za umma zinachanganya weusi na weupe zithibitishe kuwa hazibagui, ama zipoteze msamaha wa kodi. IRS ilipokea barua za kupinga zaidi ya 100,000, na mwaka 1979 Kongresi ikaikatia fedha za kutekeleza kanuni hiyo. Paul Weyrich, mmoja wa waasisi wa Heritage Foundation, taasisi ya sera ya wahafidhina, alishikilia miaka yote kwamba hilo ndilo lililowaamsha viongozi wa kiinjili, si hukumu ya Mahakama Kuu ya 1973 iliyohalalisha utoaji mimba. Wanahistoria bado wanavutana. Mimi siamini sana maelezo ya sababu moja, na kuwaza kwangu ni kwa mpanga barua. Naona kwamba mjane huyu alikuwa ameshawekwa kwenye foleni moja na Wakatoliki, wenye bunduki na waliotaka Mfereji wa Panama ubaki wa Marekani kabla Moral Majority haijazaliwa, na aliyempanga si mchungaji wake. Tena Weyrich, Viguerie na Schlafly, wote watatu walikuwa Wakatoliki. Foleni ilitengenezwa kwanza, mimbari ikaja baadaye.

Nilihesabu makundi tisa yaliyotumia ile herufi moja ya ziada. Mteja wangu aliyenituma kule alikuwa ametaka hotuba tu. Nilimtumia hotuba zake, na picha 64 za bahasha ambazo hakuziomba, na sikumtoza.

Ya mwisho kwenye sanduku ni ya 1983. Imetoka kwa kundi ambalo hata mimi, na masanduku yote niliyofungua, sijakutana nalo mahali pengine. Jina la Bi. H bado limekosewa. Ameigeuza, akaandika kwa penseli, mkono umeanza kutetemeka: "Hawa ni akina nani?" Chini yake kuna mstari, na chini ya mstari: "Dola 3, nimetuma."