Picha Tuliyoiona Porta Portese

Roma, Jumapili ni siku ya soko la Porta Portese, na shangazi yangu, aliyehamia mji ule kabla sijazaliwa, alinichukua tukatafute mashuka. Mimi nilikuwa nasomea historia ya sanaa.

Kati ya viti vibovu na masufuria ya shaba, palikuwa na picha imeegemezwa ukutani: nakala kuukuu ya "Amor sacro e amor profano" (Mapenzi Matakatifu na Mapenzi ya Kidunia) ya Titian, mchoraji wa Venice. Picha yenyewe, ya 1514, iko kwenye jumba la sanaa la Galleria Borghese, na upana wake ni karibu mita 2.8, nakala ile haikufika nusu. Wanawake wawili wameketi ukingoni mwa jeneza la mawe lililogeuzwa birika. Mmoja amevaa gauni jeupe na glavu, mwenzake yu uchi, ameinua taa ya moto. Nyuma yao Kupido, mungu mtoto wa mapenzi, anakoroga maji kwa mkono.

Muuzaji akasema ni ya karne ya 17. Nikaigeuza. Turubai lilikuwa limepiga rangi ya chai, na kwenye pembe za fremu ya ndani mlikuwa na vikabari vya mbao, vya kukazia kitambaa kikilegea. Vikabari hivyo mafundi walianza kuvitumia baadaye, kwa hiyo niliikadiria karne ya 19, wageni walipokuwa wakinunua nakala kama hizi kwa wingi. Lakini mkono ulikuwa wa fundi hasa. Mikunjo ya lile gauni ilinishika, sikutaka kubandua macho.

Kisha nikatafuta ngao, ile nembo ya ukoo. Kwenye picha ya Titian imechongwa juu ya jiwe, karibu na bomba la maji. Hapa palikuwa na majani matupu.

Nikamweleza shangazi: ngao ile ni ya ukoo wa Niccolò Aurelio, katibu wa Baraza la Kumi, chombo cha usalama cha dola ya Venice, aliyemwoa Laura Bagarotto mwaka uleule wa 1514. Laura alikuwa mjane, na baba yake alinyongwa 1509 na Venice hiyohiyo, kwa kosa la uhaini. Wengi huisoma picha kama fumbo la mapenzi ya aina mbili, na jina hilo lilikuja baadaye sana. Kwangu mimi ni picha ya harusi hiyo, ya Laura kwanza. Ukifuta ngao, umemfuta yeye.

Shangazi akainama, akamtazama yule wa gauni.

"Ndiyo maana hacheki," akasema.

Muuzaji akashuka kutoka euro 800 hadi 600. Shangazi, mtu wa kupatana bei mpaka ya nyanya, hakujibu neno. Akaniuliza hiyo yenye ngao inaonwa wapi. Nikamwambia ni hapahapa mjini, ila tiketi hukatwa mapema.

"Basi kata mbili, mwanangu."